Sufuria ya Pili



Mimi ni mwalimu. Watoto wananiita Madamu. Nilizaliwa upande wa Walikale, nikaolewa Masisi, na diploma yangu niliipata katika chuo cha ualimu, kile tunachokiita ISP. Kati ya masomo yote niliyopewa kule, moja linanisaidia kila siku ya kazi: somo la sauti. Fikirini wenyewe: nasimama mbele ya watoto zaidi ya sitini, chini ya mabati, na chombo changu cha kwanza cha kazi ni koo. Mwalimu asiyejua sauti inavyokwenda atabaki bila sauti kabla muhula haujaisha.

Leo naandika juu ya jambo linalozunguka katika vikundi vyetu tangu tulipoanza kuzungumza namna ya kujilinda na wezi wa usiku. Wengine wanasema kila nyumba inunue filimbi. Wengine wanasema sufuria inatosha, maana kila mama anayo tayari. Katika mazungumzo hayo mama mmoja aliuliza: "Tukipiga sufuria arobaini, sauti itakuwa mara arobaini ya sufuria moja?" Watu walicheka, lakini mimi sikuona kichekesho. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na jibu lake linaweza kuokoa mbuzi, mavuno, hata maisha ya mtu.

Niseme kwanza kwa nini swali hili si mchezo. Katika kilima chetu kuna mama mjane. Usiku mmoja, wakati maharagwe yalikuwa yamekwisha kuvunwa, wezi walivunja mlango wake wa jikoni. Alipiga kelele. Alipiga kelele muda mrefu, peke yake. Mimi nilikuwa Goma siku hiyo. Niliporudi nilikuta uwanja wake umejaa watu wa kumpa pole. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema alisikia, lakini alidhani ni ugomvi wa watu wa nyumba moja. Wa pili alidhani ni walevi wanaotoka kwenye kasiksi. Wa tatu alisema maneno ambayo sijayasahau: "Nilingoja. Nilisema, kama ni jambo kubwa nitasikia na wengine." Basi kila nyumba ilikuwa inangoja nyumba nyingine. Mama yule alipoteza mbuzi watatu na magunia mawili ya maharagwe, na binti yake aliyekuwa sekondari alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa pesa ya shule.

Nguvu ya sauti yake ilitosha kuamsha nyumba tatu. Kilichokosekana ni sauti ya pili.

Sasa turudi kwenye hesabu ya sufuria. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukigonga sufuria, chuma kinatetemeka, kinasukuma hewa iliyo karibu, hewa hiyo inasukuma nyingine, mpaka mtikisiko unafika kwenye ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio. Sufuria mbili zikilia pamoja, mitikisiko yao haigombani njiani. Inapitiana, na sikio linapokea jumla yake. Kwa hiyo, kama sufuria moja inatoa kiasi fulani cha nguvu, mbili zinatoa mara mbili, na arobaini zinatoa mara arobaini. Ni kama likelemba yetu: wamama kumi wakileta kila mmoja franka elfu moja, sandukuni mna elfu kumi, wala hakuna franka inayopotea.

Lakini sikio halihesabu kama mtunza sanduku wetu. Sikio ni bahili. Limeumbwa lisikie mbu karibu na mto wa kulalia, na radi juu ya mlima, bila kupasuka. Ili liweze yote mawili, linapunguza makubwa. Sauti ikiongezewa nguvu mara kumi, watu wengi wanasema wanaisikia kubwa mara mbili hivi. Ikiongezewa mara mia moja, wanasema mara nne hivi. Wataalamu wana kipimo cha kufuatia tabia hiyo ya sikio, kinaitwa desibeli. Jina lilitolewa kwa heshima ya Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mimi humkumbuka kwa jambo lingine: alikuwa mwalimu wa viziwi, na mama yake na mke wake wote walikuwa na shida ya kusikia. Kwa kipimo hicho, kila mara idadi ya sauti zinazolingana inapokuwa maradufu, tunaongeza desibeli 3. Zikiwa kumi, tumeongeza desibeli 10. Zikiwa arobaini, tumeongeza 16.

Basi jibu la yule mama ni hili. Sufuria arobaini zina nguvu mara arobaini ya moja. Kwa mtu aliyesimama karibu, sikio litasema kelele imekuwa kubwa mara tatu hivi, si zaidi.

Najua mnavyofikiri. Mtasema, basi kuna faida gani ya kuwa arobaini? Ngojeni, maana hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine, na ndio ulionifanya nishike kalamu. Kutoka sufuria moja kwenda mbili ni desibeli 3. Kutoka sufuria ishirini kwenda arobaini ni desibeli 3 vilevile. Yaani mama mmoja anayeitikia wa kwanza anaongeza sikioni kiasi kile kile ambacho baadaye kitaletwa na wamama ishirini wapya kwa pamoja. Hakuna atakayejiunga baadaye mwenye uzito kama wa pili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini angalieni vizuri: chawa anavunjwa na vidole viwili, hatungoji kumi vikusanyike.

Upande wa tatu wa hesabu ni umbali. Sauti ikienda inatawanyika, kama mafuta kidogo yanayopakwa kwenye mwili mkubwa. Mahali pa wazi, ukienda mbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Ukienda mbali mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Geuza hesabu hiyo: sufuria nne zilizo pamoja zitasikika mbali mara mbili ya sufuria moja. Tisa, mara tatu. Mia moja, mara kumi. Kwa hiyo umoja wa sauti haumsaidii sana aliye karibu, kwa sababu huyo alikwisha kusikia. Unamsaidia aliye mbali, ambaye sauti ya mtu mmoja ilikuwa inakufa kabla ya kumfikia.

Sikutaka kuwaletea maneno ya daftari tu. Jumapili moja mchana, baada ya kumwomba ruhusa shefu wa kijiji na kuwaarifu majirani wote ili mtu asishtuke, tulifanya jaribio na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita. Wamama kumi na wawili walisimama kwenye uwanja wa shule na sufuria zao. Watoto walishuka na barabara wakishika kitambaa cheupe: ukisikia, inua, usiposikia, shusha. Sufuria moja ilipolia, vitambaa vilishuka kwenye kijito. Sufuria nne zilipolia, watoto walifika kwenye mikaratusi, karibu mara mbili ya njia ile. Zote kumi na mbili zilipolia, hesabu ilisema waende zaidi ya mara tatu, lakini upepo ulikuwa unavuma kuja kwetu, nao wakaishia chini kidogo ya mara tatu, kabla ya njia panda ya sokoni. Watoto walifurahi sana. Mimi nilifurahi zaidi kuona mama mmoja mzee akihesabu kwa vidole nyumba zilizo kati ya kijito na njia panda, akizitaja kwa majina ya wenye nyumba.

Hesabu yake ilitufungua macho. Tulikuwa tumewaza kwamba wote tukimbilie mahali pamoja tupige kelele. Kumbe haifai. Wamama kumi wakisimama uwanja mmoja, sauti yao inafika mbali mara tatu hivi ya sauti ya mmoja. Lakini wamama kumi hao hao wakibaki kila mmoja kwake, na kila anayesikia akapiga, habari inapokewa kama mtungi unaopita mikono ya watu kutoka mtoni hadi nyumbani. Haifi mpaka nyumba ya mwisho, hata kama nyumba hizo zimepangana kilomita nzima. Sauti yenyewe inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde moja, kwa hiyo kilomita moja ni sekunde tatu. Kinachochelewesha ni sisi: kuamka, kupapasa sufuria gizani, na zaidi ya yote kujiuliza kama ni lazima.

Mahali nako kunaongeza au kunapunguza. Huku Masisi, usiku mtulivu ardhi inapopoa upesi kuliko hewa ya juu, sauti inapinda na kurudi chini badala ya kupotelea mawinguni. Ndiyo maana usiku unamsikia mbwa wa kilima cha pili ambaye mchana humsikii. Lakini kilima kikikaa katikati, mtu wa nyuma yake atasikia kidogo sana, hata mkiwa mia. Huyo anahitaji nyumba ya mgongoni mwa kilima ipokee na kuendeleza. Kwetu Walikale ni msitu. Majani na magogo yanatawanya sauti nyembamba, na sauti nene inapenya vizuri zaidi. Hapo filimbi inafaa kwa karibu, na ngoma, au hata bidoni tupu la lita 20, inafaa kwa mbali.

Kuna faida nyingine ambayo haimo katika desibeli, nayo ni ya yule anayeanza. Mtu ana masikio mawili. Sauti inayotoka upande wa kulia inafika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo ndogo tunajua upande sauti inakotoka. Mwizi naye ana masikio hayo. Sufuria moja ikilia peke yake, anajua ni nyumba gani. Zikilia tano kutoka pande tano, sikio lake linachanganyikiwa. Hajui nani alianza, hajui ni watu wangapi, hajui njia gani iko wazi. Mama wa kwanza anajitoa mbele kama mlengwa. Wa pili anamficha. Ndiyo sababu nasema wa pili ni mlinzi wa wa kwanza kabla hajawa mlinzi wa kijiji.

Si sisi wa kwanza kujua nguvu ya chombo cha jikoni. Mwezi wa Desemba 1971, wanawake wa Santiago, mji mkuu wa Chile, waliandamana wakigonga sufuria tupu kulalamikia ukosefu wa chakula, na desturi hiyo ikaenea katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Hapa kwetu Kongo, mwezi wa Machi 2015 vijana walizindua Kinshasa kundi la raia wakaliita Filimbi, kwa neno letu la Kiswahili. Na usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 2016, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha bila uchaguzi kufanyika, watu wa mitaa kadhaa ya Kinshasa waligonga sufuria na kupuliza filimbi wakiwa majumbani na mitaani. Shirika letu si la siasa, na sitaji mambo hayo kwa ajili ya siasa. Nayataja kwa sababu yanaonyesha jambo moja: mtu aliye ndani ya nyumba yake, gizani, bila mikro na bila jukwaa, anaweza kusikika akiitikiwa.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kelele. Kelele inasema neno moja tu: amkeni. Je, tukitaka kusema maneno yenyewe? Hapo kanuni inabadilika, na mwalimu wangu wa jambo hili ni mvua.

Mnajua mvua ya huku inapoanguka juu ya mabati ya shule. Tone moja ukilisikiliza peke yake linafanya "to", basi. Lakini matone maelfu kwa maelfu, kila moja likianguka kwa wakati wake bila kungoja jingine, yanakuwa ngurumo moja inayomeza sauti yangu yote. Mvua ina wingi lakini haina neno. Ukiwaweka watu arobaini wakapaza sauti kila mmoja na maneno yake, watakuwa mvua. Watasikika mbali, lakini hakuna atakayejua wanataka nini.

Ninachofanya mvua inapoanza ni kuwaita watoto waache madawati ya nyuma, waje wakae chini mbele yangu, wamebanana. Kupaza sauti hakusaidii. Mnakumbuka hesabu ya umbali: ukipunguza umbali kuwa nusu, nguvu inayokufikia inakuwa mara nne. Mtoto aliyekuwa mita nane akija mita nne, ni kama shule imeniongezea walimu watatu wasimame nami wakisema neno lile lile. Hakuna bajeti inayoweza kufanya hivyo, ila kusogeleana kunafanya, tena bure. Darasa lenye dari chini ya mabati lingetusaidia zaidi, na hilo wazazi tunaweza kulizungumza siku nyingine.

Jambo la pili kwa maneno ni wakati. Tarehe 8 Machi, siku yetu ya wanawake, tunapotembea na vitenge vyetu tukiimba, mara nyingi walio mbele wako kwenye neno moja na walio nyuma wako kwenye lingine. Watu husema wa nyuma ni wazembe. Si uzembe. Msafara wenye urefu wa mita mia moja unahitaji karibu theluthi ya sekunde sauti itoke kichwani ifike mkiani, na muda huo unatosha kutamka silabi moja au mbili. Kila mtu anaimba sawasawa na anachosikia, lakini mtu wa pembeni anapokea maneno yaliyokanyagana. Dawa ni kujifunga karibu, mistari mipana na mifupi, na mwimbishaji awe katikati badala ya mbele. Wenye korali wanajua hili bila kufundishwa fizikia. Wanasimama bega kwa bega, kila mmoja akimsikia jirani.

Wenye korali wangependa pia kujua habari ya bafle. Kuna wakati makanisani wanaweka bafle mbili badala ya moja, na sauti nene ya gitaa inapungua badala ya kuongezeka. Watu wanalaumu chombo. Mara nyingi kosa ni nyaya za bafle moja kufungwa kinyume: moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na mitikisiko inafutana. Geuza nyaya za bafle moja, utasikia tofauti. Hata sauti mbili kubwa, zikivutana kinyume kwa wakati ule ule, zinaweza kuzaa ukimya. Nadhani sitahitaji kueleza kwamba hilo hutokea na katika mashirika.

Wazee wetu walijua namna ya kuunganisha neno na wingi. Kwetu Walikale, Wanyanga wana simulizi kubwa ya Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck, na kitabu kikatoka mwaka 1969, kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe. Msimulizi wa namna hiyo hakuwa akiimba peke yake. Vijana walikaa wakigonga pamoja mti mmoja mrefu, ulioinuliwa kidogo kutoka ardhini juu ya vijiti vidogo, na waliitikia kiitikio pamoja na watu waliokaa kusikiliza. Mmoja anabeba neno, wengi wanabeba kiitikio, na mapigo yanawaweka wote katika wakati mmoja. Angalieni pia ule mti ulioinuliwa. Kitu kilicholala ardhini hakilii vizuri, kwa sababu ardhi inakinyima nafasi ya kutetemeka. Vivyo hivyo sufuria: usiigonge ikiwa chini au umeikumbatia kifuani. Ishike kwa ukingo au kwa mshikio, ining'inie, uigonge kwa mwiko wa mti mgumu.

Na kuna wingi wa sauti unaoharibu. Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele anapaza sauti bila kujua. Hiyo ndiyo mikutano yetu. Wawili wananong'ona, wa tatu anapaza kidogo ili asikike, wa nne anapaza zaidi, na baada ya dakika chache tuko sokoni. Darasani sizimi kelele kwa kelele, maana ningekuwa naongeza kuni motoni. Nanyamaza, nainua mkono, walio mbele wananyamaza, na ukimya unarudi nyuma mstari kwa mstari. Ukimya nao unahitaji mtu wa pili.

Sasa, yale ninayopendekeza kwa vikundi vyetu, myajadili na kuyasahihisha.

Kwanza, shefu na majirani wote wajue kabla, wanaume kwa wanawake, na tukubaliane alama. Kwa mfano, mapigo matatu na kupumzika, matatu na kupumzika, ili isifanane na arusi wala na watoto wanaocheza.

Pili, ishara hii ni ya mwizi, moto, mtoto aliyepotea, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Si ya vita. Masasi yakilia, sufuria ikae jikoni na watu walale chini. Hatuwaombi wamama wapigane na bunduki kwa mwiko.

Tatu, anayeita kwa uongo au kwa mchezo alipe faini ya kikundi, kwa sababu mara ya pili hakuna atakayeamka.

Nne, filimbi isipulizwe karibu na sikio la mtu, zaidi sana la mtoto mchanga. Sikio likiumia kwa kelele kubwa, mara nyingi halirudi kama lilivyokuwa.

Tano, na hili ndilo ninalolisimamia kuliko yote: kila nyumba iwe na nyumba yake ya kuitikia, iliyotajwa kwa jina. Tukisema "wote waitikie," kila mmoja atangoja wote, kama ilivyotokea kwa yule mama mjane. Tukisema "nyumba ya Mama fulani inaitikia nyumba ya Mama fulani," hakuna wa kungoja. Katika kilima chetu tumekwisha kuandika orodha hiyo kwenye kaye ya kikundi, na yule mjane ameandikiwa nyumba mbili, moja juu na moja chini yake. Binti yake amerudi shuleni. Ndiye aliyeandika majina, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Hatuna uwezo wa kununua kengele kubwa wala king'ora. Lakini hesabu imetuonyesha kwamba hatua kubwa kuliko zote, ile ya kutoka moja kwenda mbili, inahitaji sufuria moja na mtu mmoja aliyeamua mapema. Basi wiki hii, kabla hujafunga mlango usiku, jiulize unaitikia nyumba ipi. Kama hujui, kesho asubuhi mwende mkazungumze na jirani. Na sufuria iwekwe mahali ambapo mkono wako utaifikia gizani.